Jairus Andati na Joto la Ndani

Jairus Andati wa Shianda hapimi joto kwa kifaa. Hupima kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ambacho ngozi yake imekuwa ngumu kama kwato kwa miaka ya kugusa vyuma vya moto ndani ya redio za watu. Hulowesha kidole kwa ulimi, akakiweka juu ya chuma, akafumba jicho moja, halafu akatoa hukumu. "Hamsini." Au, "Hii imepita sitini, zima haraka." Sokoni wanamwita Digrii, na wageni wakisikia jina hilo hudhani amesoma chuo kikuu. Yeye hawasahihishi.

Mimi ni mke wake. Nalisema hilo mapema kwa sababu kuna siku nusura nivuliwe jina hilo mbele ya jeneza, na maisha ya Jairus hayasimuliki bila siku hiyo. Naitwa Nasambu. Nilitoka Likuyani kwenye mahindi nikaolewa huku kwenye miwa. Shuleni sikuingia hata kuomba maji, na kusoma nimejifunza ukubwani. Haya ninayoyajua kuhusu umeme niliyapata kwa kukaa nyumba moja na mtu asiyenyamaza.

Baba yake alikuwa mkata miwa, na alitaka mwanawe awe mkata miwa. Lakini majani ya muwa yalimwasha Jairus akavimba uso mpaka majirani wakamsalimia kwa jina la mtu mwingine. Mama yake, Awinja, akampeleka Mumias kwa fundi Athman, aliyetengeneza redio karibu na msikiti. Huko alifagia, akachemsha chai, akajifunza kuchomelea nyaya. Athman alipomwona yuko tayari alimwachia kipaza sauti cha kanisa moja kijijini, akitengeneze peke yake.

Alikitengeneza. Jumapili ya mavuno kikaanza kutoa moshi katikati ya maombi. Mchungaji aliuona moshi ule ukipanda polepole nyuma ya madhabahu, akapiga magoti, akawaambia watu Roho ameshuka. Watu wakalia, wengine wakaanguka. Harufu ya plastiki ilipowafikia ndipo wakaamka wakakimbia nje. Athman hakumkaripia. Alimwambia neno moja tu: "Umeangalia waya, hukuangalia joto." Tangu siku hiyo Jairus aliapa kwamba hakuna kitu kitakachopita mikononi mwake kikaungua tena. Kiapo hicho alikishika vizuri kuliko alichoniapia mimi.

Adui yake mkubwa alikuwa kidude cheusi chenye miguu mitatu, mafundi wanakiita regyuleta. Kazi yake ni kupunguza nguvu ya umeme. Betri ya gari ina volti kumi na mbili, lakini mashine zilizo ndani ya sanduku lake la vipaza sauti zinataka tano tu. Kidude kinasimama katikati kama bawabu, kinapitisha tano. Zile saba zilizokatazwa hazirudi kwenye betri. Zinageuka kuwa joto, na joto lile linamkalia bawabu mwenyewe.

Nilipokuwa bado bibi arusi alinieleza mezani, tukila obusuma, ugali wa huku kwetu.

"Nasambu, shika obusuma huo kwa nje. Umepoa?"

"Umepoa."

"Sasa mega katikati."

Nikamega, nikaungua, nikautupa.

"Umeona! Ndani ya hiki kidude kuna chembe ndogo kuliko punje ya wimbi. Moto uko huko. Mimi kidole changu kinashika mgongo tu. Joto la ndani halishikiki, hukadiriwa."

"Ungeniambia bila kuniunguza."

"Usingeelewa."

Makadirio yake nilikuja kuyajua kama sala. Aliyasema akinyoa ndevu, aliyasema akifunga viatu. Volti zilizotupwa ni saba. Sanduku linakula nusu ampea. Saba mara nusu ni wati tatu na nusu za joto. Joto hilo linatoka kwenye chembe kwenda mgongoni mwa kidude, mgongoni kwenda kwenye bati la aluminiamu, kwenye bati kwenda hewani, na kila mlango una foleni yake. Kwa bati lake, kila wati moja ilipandisha digrii ishirini, kwa hiyo wati tatu na nusu ni digrii sabini. Juu yake unaongeza joto la hewa inayozunguka bati, ishirini na tano. Jumla tisini na tano. Walioitengeneza chembe wanasema isipite mia moja na ishirini na tano. "Kwa hiyo nina thelathini za akiba," alisema, akijipigapiga kifua kama mtu mwenye mashamba mawili.

"Na ikizidi sana?" nilimuuliza mara moja, nikakosea kuuliza.

"Ikifika kama mia moja na hamsini inajizima yenyewe isife. Ikipoa kidogo inaamka. Ina akili kuliko watu wengi."

Alipokuwa akisema watu wengi alikuwa ananitazama mimi.

Lile bati la aluminiamu, niseme lilitoka wapi. Lilitoka kwenye sufuria yangu. Mama yangu aliibeba kichwani siku ya kunisindikiza, sufuria ya kupikia wageni. Nilirudi kutoka mtoni nikakuta imekatwa kitako, na Jairus anakipinda kwa nyundo akiimba. Na ule uji mweupe unaopakwa kati ya kidude na bati ili joto lipite vizuri, siku alipoukosa dukani alikamua dawa yangu ya meno mpaka tyubu ikawa kama ulimi wa kuku.

Nami nilikuwa na kazi yangu. Nilishona vitambaa vya kufunikia viti, meza, redio, kama kila nyumba yenye heshima huku. Kimoja kilikuwa bora kuliko vyote: cha sufu nyeupe, kizito, na katikati jogoo mwekundu amepanua mabawa. Nilikishona msimu mzima wa mvua. Nilipokitandika juu ya redio yetu, Jairus alikiondoa. Nikakirudisha. Akakiondoa.

"Unaifunika ikose hewa!"

"Redio haina pua, Jairus."

"Ina mgongo! Mgongo unataka hewa! Ishirini na tano yangu ukiifunika inakuwa arobaini, inakuwa hamsini, akiba yote umekula wewe na jogoo wako!"

Tuligombana juu ya kitambaa hicho kuliko watu wanavyogombana juu ya mipaka. Nilipougua malaria alinilowekea kidole, akakiweka kwenye paji la uso, akafumba jicho. "Thelathini na tisa kwa nje," akasema. "Kwa ndani, tukadirie arobaini na moja." Halafu akafungua madirisha yote akanifunua blanketi, nikatetemeka mpaka mama mkwe akaja akamfukuza kwa mwiko.

Kisha akahama. Gentrix alikuwa na kibanda cha kuchajia simu nyuma ya soko, mwanamke laini, kucheka kwingi. Jairus aliniambia anahamia pale kwa sababu kuna stima, umeme wa nguzoni. Hiyo ndiyo sababu aliyonipa, na uso haukumbadilika. Vifaa vyake alivifunga kwenye kitu cha kwanza kilichokuwa karibu na mkono, nacho kilikuwa kitambaa changu cha jogoo. Mtu aliyenikosesha amani kwa kitambaa miaka yote, aliondoka nacho.

Nilibaki kwenye nyumba iliyo kando ya miwa, nikimpikia Awinja. Msidhani tulipendana. Alisema obusuma wangu ni laini kama wa mgonjwa, hata alipokuwa mgonjwa. Lakini nilimpikia, nilimwosha, na alipofariki mkono wake ulikuwa ndani ya wangu, akilalamika.

Katika ukoo wao, siku ya kumzika mama, kila mtoto wa kiume husimama na mke wake, na mke hupewa maiki aseme neno. Watu wote wanasikia, na jina linalotajwa pale mbele ya jeneza ndilo ukoo unalishika. Huyo ndiye wa boma, huyo ndiye atakayelima, huyo ndiye atakayezikwa hapa. Asiyetajwa anaanza kuulizwa kwao ni wapi. Basi Philip, kaka mkubwa wa Jairus, aliyekuja na pikapu yake kutoka Chekalini na ndiye aliyeongoza shughuli, alinifuata nikiwa nachambua mboga.

"Mulamwa," akasema, jina tunaloitana sisi shemeji, lakini macho yalikuwa kwenye mboga. "Jairus amesema atakayesimama naye ni Gentrix."

"Na mimi?"

"Wewe... wewe utatusaidia huku jikoni."

"Philip, ni nani amemwosha mama yenu?"

"Mulamwa, mimi ni msemaji tu. Mambo ya nyumba ya mtu siyaingilii."

Nilivua leso ya jikoni nikaenda kukaa kwenye hema, mstari wa kwanza nyuma ya familia. Kama wangenitoa, wangenibeba.

Sanduku la Jairus, lile la buluu linalokodishwa kwenye misiba na arusi zote mpaka Matungu, lilikuwa juu ya meza karibu na jeneza. Ndani yake mlikuwa na kipokezi cha maiki isiyo na waya na kicheza nyimbo, vyote vya volti tano, vyote vinamtegemea bawabu mmoja mwenye kitako cha sufuria yangu mgongoni. Juu yake kulikuwa na matundu ya kupumulia. Jairus alililowekea kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kupokea wageni akiwa amevaa koti.

Alipogeuka tu, Gentrix akaja. Aliona sanduku lisilo na pambo, lenye mikwaruzo, karibu na jeneza zuri vile, akaona aibu kwa niaba ya boma. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa. Jogoo mwekundu, mabawa wazi. Akakikunja mara mbili kikae vizuri, akakitandika juu ya matundu yote, akasimamisha hapo picha ya marehemu kwenye fremu, na pembeni mashada ya maua. Akarudi nyuma kutazama kazi yake, akaridhika.

Ilipendeza, sitasema uongo. Kitambaa kilishonwa vizuri.

Nilitazama kitambaa, nikatazama jua lililokuwa limekaa juu ya hema, nikatazama pikapu ya Philip iliyolipa sanduku umeme kwa waya, ambayo injini yake iliachwa ikinguruma ili betri isiishe nguvu. Nilikaa na Jairus miaka mingi. Mtu akikaa na mchungaji anajua zaburi. Nikakunja mikono yangu nikanyamaza.

Nyimbo zilikwenda vizuri. Mchungaji alisema kwa kirefu, kila neno likasikika mpaka barabarani. Philip akasimulia maisha ya marehemu tangu enzi za reli. Wakati wote huo Awinja alitutazama kutoka kwenye fremu kwa uso ule ule wa kulaumu obusuma wangu, na chini yake sanduku lilikuwa linapika.

"Sasa," akasema Philip, "tumkaribishe Jairus na mkewe."

Jairus akasimama. Gentrix akasimama, nguo nyeusi inayong'aa, akapokea maiki kwa mikono miwili. Watu walinigeukia mimi. Niliwaangalia nao wakaangalia mbele.

"Bwana asifiwe," akasema Gentrix, na sauti ikajaa boma.

"Amina!"

"Mimi kama mke wa—"

Kimya.

Aliendelea kusogeza midomo. Kutoka mstari wa tatu hakuna kilichosikika ila pikapu. Akaipiga maiki kwa kiganja. Jairus akakunja uso. Baada ya kitambo sauti ikarudi ghafla, kali, mpaka mtoto mmoja akalia.

"—nasema mimi ndiye—"

Kimya tena. Safari hii watu walianza kunong'ona, na mnong'ono wa msibani unasikika kuliko kipaza sauti.

"Betri mpya kwenye maiki!" Jairus akaita. Ikatiwa. Gentrix akapumua, akajipanga, akainua kidevu.

"Mama Awinja alinipen—"

Hapo kimya kilikuja haraka kuliko mara zote, na kikakaa. Mzee mmoja nyuma akavua kofia. Mwanamke akasema waziwazi, "Yee! Huyu marehemu anakataanga!"

Nikainuka. Nilitembea mpaka kwenye meza, nikaichukua picha ya Awinja nikaikumbatia kifuani, na kwa mkono mwingine nikavuta kitambaa changu kutoka juu ya sanduku. Joto lililotoka kwenye yale matundu liliniosha uso kama mtu amefunua sufuria. Gentrix akanishika mkono.

"Unafanya nini?"

"Nachukua kitambaa changu."

"Chako kivipi? Hiki ni cha Jairus!"

"Muulize Jairus kama anajua kushona."

Waliokaa karibu walicheka, halafu wakakumbuka wako wapi wakakohoa. Gentrix akaniachia. Maiki ilikuwa imelegea mkononi mwake, nikaichukua. Sikuwa na haraka. Nilianzisha wimbo kwa mdomo mtupu, ule ambao Awinja alipenda kuukosoa ninapouimba, na akina mama wakaudaka, ubeti baada ya ubeti, na upepo kutoka kwenye miwa ukawa unapita juu ya sanduku. Katika ubeti wa mwisho sauti yangu ikalipuka kutoka kwenye spika zote.

"Mimi ni Nasambu," nikasema, na ikasikika mpaka sokoni. "Mke wa Jairus Andati. Mama huyu nimempikia. Alisema ni laini, lakini alimaliza."

Vigelegele vilivyopigwa msibani pale sijavisikia hata kwenye arusi.

Sasa ndipo ukweli ulipomfika Jairus. Alikuwa amesogea karibu na sanduku, kidole kimelowa, akakigusisha kwenye bati kupitia tundu, akakirudisha haraka kinywani. Nilimsikia akisema chini kwa chini, "Gari inanguruma, hiyo si kumi na mbili, ni kumi na nne. Kumi na nne toa tano, tisa. Tisa mara nusu, nne na nusu. Mara ishirini, tisini. Na hewa chini ya kitambaa, na jua hili... sitini." Akajumlisha. Midomo ikasimama. "Mia na hamsini," akasema, kama mtu aliyemkuta mwizi na akaona ni ndugu yake.

Akageuka kuwaambia watu. Nilimwona akifungua kinywa. Lakini shangazi yao alikuwa ameshasimama, Senge Hamida, dada wa marehemu baba yao, aliyeolewa Mumias na ambaye hakuna anayemkatiza.

"Wewe Jairus. Nijibu mbele ya watu hawa waliokusanyika. Sanduku lako limeharibika, au wifi yangu amekataa?"

Pale mbele walikaa watu wote wanaomkodisha: wa makanisa, wa arusi, wa mashule, na wengine waliokuwa na wagonjwa nyumbani ambao siku zao zilikuwa zinahesabika. Fundi Athman mwenyewe alikuwepo, mzee sasa, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa amekiinamisha upande mmoja, anasubiri jibu. Nadhani ni huyo aliyemmaliza.

"Jairus," Gentrix akasema kwa sauti ya chini, "waambie ni mashine."

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Angesema ni joto, mambo yangekwisha: angempa Gentrix maiki tena, na mimi ningerudi kwenye mboga. Ni neno moja tu, na lilikuwa la kweli.

"Sanduku langu," akasema Jairus Andati, "halina kasoro."

"Hakuna kilichoungua?" akauliza Senge.

"Kitu changu hakiungui, Senge. Hata gusa."

"Basi tumesikia," akasema Senge Hamida, akaketi, akapanga buibui lake. "Philip, endelea. Mke wa Jairus ameshasema."

Tulimzika Awinja saa ile ile, nikatupa udongo mahali pa mke, mkono mmoja udongo, mkono mwingine kitambaa.

Gentrix hakungoja chakula. Nasikia alimwambia Jairus kwamba kuachwa kwa ajili ya mwanamke mwingine angeelewa, lakini si kwa ajili ya kidude chenye miguu mitatu. Vitu vyake Jairus alivikuta nje ya kibanda, vimepangwa, na sasa analala dukani kwake kati ya redio zilizokufa. Sanduku la buluu limeongezewa matundu ubavuni, na juu yake kuna pembe za chuma zimechomelewa, kali, hakuna kitambaa kinachoweza kukaa. Akiulizwa ni za nini anasema ni urembo.

Kwangu huja. Husimama mlangoni akizungusha kofia, nami sisemi ingia wala sisemi toka. Juzi aliiona redio kwenye kona, jogoo amekaa juu yake na mabawa yake yote. Kidole kikaanza kwenda mdomoni chenyewe.

"Nasambu, hiyo inapumulia wapi?"

"Iache."

"Lakini hewa yake itafika—"

"Jairus. Nyumba ya nani?"

Akakiangalia kidole, akakifuta kwenye suruali, akakitia mfukoni.

Redio ile hunyamaza, hasa mchana, katikati ya taarifa ya habari. Ikinyamaza naifunua, natia maji ya chai motoni, na chai ikiiva huwa imeamka. Halafu naifunika tena.